Barua kwa Mtoto wa Kaka Anayewafundisha Wachina "Take"

Tanga

Mwanangu mpendwa,

Baba yako yuko shamba, na bibi yako anaulizia kila siku kama baridi ya huko Wuhan imeshaanza na kama lile sweta bado linakutosha. Mjibu mwenyewe, maana mimi hanisadiki.

Barua yako imefika na nimeifurahia. Nimefurahi zaidi kusikia kwamba wenzako wa bwenini wamekuomba uwasaidie Kiingereza kabla ya Siji, mtihani wao wa Kiingereza chuoni, utakaofanyika Desemba, na wao wanakusaidia Kichina. Huo ni ujirani mwema. Umeniandikia kwamba mmekwama kwenye kitenzi kimoja, "take": mlifungua kamusi mkakuta maana zimejaa kurasa, wenzako wakaanza kuzinakili moja moja, nawe ukabaki huna pa kuwashikia. Ukaniuliza pia kama wewe, uliyekikuta Kiingereza shuleni kama wao, una haki ya kuwafundisha.

Nianze na hilo la mwisho kwa sababu limeniuma. Haki unayo. Mtu aliyezaliwa ndani ya Kiingereza anasema "take a bus" bila kujua kwa nini anasema hivyo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumlazimisha kujiuliza. Wewe ulijiuliza, ukasahihishwa, ukakariri, mpaka kikakukaa. Njia wanayoipita wenzako umeipita juzi tu, na mashimo yake unayakumbuka. Tena una kitu ambacho mwalimu wa kutoka London hana, nacho ni kitenzi chetu "piga". Nitakuonyesha kinavyokusaidia.

Kwanza waambie wafunge madaftari. Vijana hao wamelelewa kwa orodha. Serikali yao iliagiza mwaka 2001 kwamba Kiingereza kianze darasa la 3, na tangu hapo mtoto hukua na kijitabu cha msamiati mfukoni. Waulize neno la kwanza la kijitabu hicho ni lipi. Watakuambia "abandon", kwa sababu vijitabu vingi vimepangwa kialfabeti na wengi huanza upya kila mara pale pale mwanzo. Kwa neno kama "abandon" orodha inatosha, kwani maana zake ni chache na zinafanana. Kwa "take" orodha inapotosha, kwa sababu inamfanya mwanafunzi aamini kwamba kuna maana arobaini zisizohusiana na kwamba kazi yake ni kuzibeba zote kichwani. Hakuna anayezungumza Kiingereza kwa namna hiyo.

Badala yake andika kwenye karatasi herufi yao hii: 打. Inasomwa "da", kwa toni ya tatu, na maana yake ya asili ni kupiga. Kisha nyamaza, uwaombe wao wakutajie mambo wanayoyafanya kwa "da". Watataja mpaka karatasi ijae. Simu wanaipiga, "da dianhua". Sindano wanaipiga, "da zhen". Mtu akiwa na usingizi anapiga miayo, akiwa na mafua anapiga chafya, na akiketi mbele ya kompyuta anapiga chapa, yote kwa "da" ile ile. Hapo utashangaa, mwanangu, kwa sababu ni kama unamsikia mtu wa hapa kwetu Chumbageni. Lugha mbili zisizo na undugu wowote, zimekua mbali kabisa, zimekichagua kitenzi kimoja kuwa mtumishi wa kila kazi.

Baada ya hapo njia zinaachana, na hilo pia waonyeshe. Sisi tunapiga pasi, deki, mswaki, magoti, kura, hodi na mbizi, na wao hayo hawayapigi. Wao wanapiga mwavuli wakijikinga na mvua, wanapiga maji wakiyateka, wanapiga samaki wakivua, wanapiga sweta wakilifuma na wanapiga teksi wakiisimamisha barabarani. Chakula kikibaki mezani wanaomba "da bao", yaani wapigiwe kifurushi waondoke nacho. Na saa sita mchana, mkienda bwaloni na mabakuli, mnachokwenda kufanya wao wanakiita "da fan", kupiga chakula.

Halafu waulize swali moja: mtu anapopiga miayo, nani amepigwa?

Hakuna aliyepigwa. Kitenzi kimepoteza uzito wake, na kazi yote inafanywa na nomino inayokifuata. "Miayo" ndiyo inayotuambia kilichotokea. "Piga" ipo ili sentensi iwe na kitenzi cha kubeba wakati na mtendaji. Wenzako wakishaliona hilo ndani ya lugha yao, ambako hakuna anayeweza kuwadanganya, wageuzie upande wa pili: "take a look", "take a rest", "take a shower", "take a walk", "take a break". Nani amechukua nini? Hakuna aliyechukua kitu. "Look" ndiyo inayosema, "rest" ndiyo inayosema. "Take" hapo ni "da" ya Waingereza.

Ukiona wanasita kukubali kwamba kitenzi kinaweza kuchakaa hivyo, wasimulie habari za Ouyang Xiu, mwanachuoni wao wa enzi ya Song aliyeishi kuanzia 1007 hadi 1072. Katika kitabu chake kiitwacho Guitian Lu alilalamika kwamba watu wote wa zama zake, wasomi kwa wasiosoma, wanaliharibu neno "da". Alitaja kwamba wanasema kupiga maji, kupiga samaki, kupiga mwavuli na kupiga chakula, ilhali maana ya neno hilo ni kupiga tu. Angalia mifano hiyo, mwanangu. Takriban miaka 1,000 imepita tangu mzee yule akasirike, na wenzako bado wanakwenda kupiga chakula kila mchana. Kuna mfano mwingine wake ninaoupenda zaidi. Alisema mafundi wanaounda magari ya kukokotwa wanasema "da che", wanapiga gari. Leo "da che" ni kupata teksi. Kitenzi hakikubadilika, nomino haikubadilika, dunia ndiyo iliyobadilika chini yake. Katika miaka ya 1920 mtaalamu Liu Bannong naye aliikusanya misemo ya "da", na baadaye ikafika maelfu. Kwa hiyo hili si jambo la kuwatungia. Limo katika elimu yao wenyewe, na vijana huipenda sana elimu wanapoikuta tayari ni ya kwao.

Upande wa Kiingereza nao una historia yake, na inafaa uijue hata usipoifundisha yote. "Take" si neno la asili la Waingereza. Waliokileta kitenzi hiki ni watu wa Skandinavia waliovamia na kuhamia kaskazini na mashariki mwa Uingereza kuanzia karne ya 9. Wao walisema "taka". Waingereza wenyewe walikuwa na kitenzi "niman", ndugu wa "nehmen" ya Wajerumani hadi leo. "Niman" ikashindwa, ikafa. Imebaki kwenye "numb", ambayo asili yake ni kiungo "kilichochukuliwa", kama mkono uliokufa ganzi. Sisi tusishangae kwamba lugha inaweza kuazima neno la kitendo cha kila saa namna hiyo, maana nasi "fikiri", "jaribu" na "rudi" tumevitoa kwa Waarabu na hatuoni ugeni wowote ndani yake. Na shina lile la "taka" linaelekea zamani sana lilihusu kugusa, kutia mkono. Waambie hivyo wenzako kisha waangalie upande wa kushoto wa herufi 打. Pale pamesimama mkono.

Sasa nikueleze jinsi mimi nilivyolifahamu jambo hili, kwa kuwa umeniuliza nilikopata Kichina changu kidogo. Unajua kwamba China imekuwa ikituletea madaktari tangu 1964 kule Zanzibar na tangu 1968 huku bara. Nilipokuwa bado nafundisha sekondari, jioni nilikuwa nawafundisha Kiingereza baadhi ya madaktari hao. Walikuwa watu wazima, wenye bidii, wanaofika darasani na uchovu wa wodi. Tatizo lao la kwanza lilikuwa dawa. Kichina dawa inaliwa, "chi yao". Kwa hiyo walimwambia muuguzi "the patient must eat this medicine", na muuguzi akaelewa kwamba mgonjwa atafune. Sisi tunakunywa dawa au tunaimeza. Mwingereza hali wala hanywi. "He takes it". Lugha tatu kwa kidonge kimoja.

Mmoja wao, daktari wa mifupa, alikuwa mtu wa kutaka kujua sababu. Alishika chaki akaandika 拿, "na", akanionyesha kwamba juu kuna alama ya kufumba pamoja, na chini kuna mkono. Akaiweka ile chaki katikati ya kiganja chake, akafumba ngumi. Hii ndiyo "take", akasema. Nikamwambia ndiyo, hiyo ndiyo, kwa chaki. Nikamuuliza, na "take a bus"? Akaitazama ngumi yake. Kwao basi linakaliwa, "zuo che". Kwetu linapandwa. Akafikiri, akasema kwamba Mwingereza basi halishiki, ila anachagua moja kati ya mengi yanayopita na kulifanya lake kwa safari ile. Sijawahi kusikia maelezo bora ya "take a bus" kutoka kwa mtu yeyote, na yalitoka kwa mtu aliyekuwa anajifunza. Tangu siku ile nikawa nasema: katika "take" nyingi zilizobaki na uzito kidogo, kuna mtu anayekitia kitu ndani ya mipaka yake. Kidonge kinaingia mwilini. Kiti kinakuwa chako, "take a seat". Ushauri unaupokea, "take advice". Kazi unaikubali, "take the job". Lawama unazibeba, "take the blame". Mkono haupo tena, ila kufumba bado kupo.

Picha nayo waonyeshe, ni nzuri. "Take a photo" kwao ni "pai zhao", na "pai" ni kupiga kwa kiganja, kofi dogo. Sisi tunapiga picha. Hapa Mswahili na Mchina wamekaa upande mmoja na Mwingereza kabaki peke yake akichukua. Kwa kweli mwanafunzi hahitaji maelezo mengi hapo. Inatosha acheke kidogo, na hatasahau.

Tukija kwenye muda, usiende mbio. Hapa ndipo mtihani unapowakamata. Kichina wana "hua", kitenzi kinachoandikwa kwa herufi ile ile ya ua la bustani, na kwacho mtu anatumia muda na anatumia fedha. Kitenzi kimoja tu. Mwingereza amezigawa kazi hizo kwa wanne: "spend", "take", "cost" na "pay". Kwa hiyo utakuta mwanafunzi hodari anaandika "it spent me two hours" au "I cost two hours". Siri iko kwa mwenye sentensi, yaani nani anakaa mwanzo. "Spend" na "pay" huanza na mtu. "Cost" huanza na kitu. "Take", kwa habari ya muda, mara nyingi huanza na kazi yenyewe, au na ile "it" isiyomtaja yeyote: "It took me two hours to finish."

Kuwa mwangalifu hapa, kwa sababu wewe hutaiona shida yao. Sisi tunasema "ilinichukua saa mbili kumaliza". Itenganishe uone: "i", halafu "li", halafu "ni", halafu "chukua". Ni sentensi ya Kiingereza neno kwa neno, imekunjwa tu ikawa neno moja. Ndiyo maana ulipofundishwa hukusumbuka, na ndiyo maana unaweza kuwaona wao wazito wa kuelewa. Si wazito. Kwao mara nyingi mtu ndiye anayetumia saa. Kwamba saa zinaweza "kuchukuliwa" na kazi ni wazo wasilolizoea sana. Wape mifano ya mambo yao: kutoka Wuchang kwenda Hankou kwa feri inachukua muda gani, kupika wali kunachukua muda gani, kupanga foleni bwaloni je? Waseme wenyewe, kila mtu sentensi yake, mpaka ile "it" ikae mdomoni.

"Take" na "bring" hazitakuchukua muda. Wao wana "dai" kwa zote mbili, ila wanaongeza "lai" kitu kikija kwa msemaji na "qu" kikienda mbali naye. Sisi tuna "leta" na "peleka". Waambie "bring" ni "dai lai" na "take" ni "dai qu", basi.

Vile vijineno vinavyofuata kitenzi, "off", "out", "back", "away" na wenziwe, ndivyo vinavyowatisha Waswahili darasani, na ulinieleza kwamba unaogopa kuvifundisha. Habari njema ni kwamba wenzako wako karibu navyo kuliko sisi. Sisi tunageuza mkia wa kitenzi: "funga" inakuwa "fungua", "vaa" inakuwa "vua", "toa" inakuwa "tolewa". Mchina anaacha kitenzi kama kilivyo na kutundika mwelekeo nyuma yake, sawa kabisa na Mwingereza. "Na chulai" ni "take out". "Na xialai" ni "take down". "Na huilai" ni "take back" kwa maana ya kukirudisha kitu mikononi mwako. "Na zou" ni "take away". Ziandike kwa jozi na uwaache wazitazame. Hata ule mchezo wa kukitia kitu katikati wanao: wao husema "na chu yi ben shu lai", kitabu kikikaa kati ya "chu" na "lai", kwa hiyo "take a book out" haitawashangaza. Kinachobaki ni kuwakumbusha kwamba kiwakilishi lazima kikae katikati. Ni "take it off", kamwe si "take off it".

Kuanzia hapo maana za kimwelekeo zinaelea na kuwa za mafumbo, na usidai kwamba kila moja ina mantiki. Ndege "takes off", inapaa. Mtu "takes off" koti, analivua. Biashara nayo "takes off", inachanganya. Nguo ikiwa pana fundi "takes it in", mgeni akikosa pa kulala jirani "takes him in", na tapeli akikudanganya "you are taken in". Hizi tatu nilipenda kuzifundisha pamoja, kwani zote zina kuingizwa ndani, na ya tatu inakumbukika kwa ubaya wake. "Take after" ni kumfuata mzazi au mkubwa wa ukoo kwa sura au tabia. Kichina watasema "xiang" tu, yaani kufanana, na watataka kuitumia hata kwa rafiki wanaofanana. Wakatalie. Sisi tunasema mtoto kamfuata babu yake, na neno letu limeishika ile "after" vizuri kuliko lao. Wewe mwenyewe umemfuata bibi yako kwa kutokubali jambo usilolielewa, na namshukuru Mungu kwa hilo.

"Take place" ishughulikie peke yake. Wanajua kwamba Kiingereza kinapenda kauli ya kutendwa, kwa hiyo wanaandika "the meeting was taken place". Nimeiona kwa madaktari, na utaiona kwa wanavyuo. "Fasheng" yao, kutokea, haitendwi na yeyote, na "take place" haitendwi vilevile. Mkutano unatokea wenyewe.

Kuna jambo moja linalokuhusu wewe zaidi kuliko wao. Huku kwetu, na kwa majirani zetu wa Kenya hasa, tunasema "let us take tea", "have you taken lunch?" Ni Kiingereza cha Afrika Mashariki na hakina aibu yoyote, mimi nakisema kila siku. Lakini Mwingereza wa London "has tea", "has lunch", na atakuuliza "do you take sugar?" kwa maana ya kama huwa unatia sukari. Msahihishaji wa Siji naye atatarajia "have". Waeleze wenzako kwamba kuna desturi mbili, kisha wafundishe ile itakayowapa alama. Vilevile kuoga: Wamarekani wengi husema "take a shower", Waingereza wengi "have a shower". Usimkosoe mtu kwa lolote kati ya hayo mawili. Na chakula cha kuondoka nacho, ile "da bao", Mwingereza anakiita "takeaway" na Mmarekani "takeout".

Nahau usiwamwagie nyingi. Chagua chache ambazo watazikuta kweli. "Take your time", usiharakishe. "Take turns", kupokezana zamu. "Take part in", kushiriki, ambayo inalingana na "canjia" yao. "Take for granted" inahitaji uangalifu, kwa sababu ina nyuso mbili: kudhania jambo ni kweli bila kulichunguza, na kumzoea mtu au kitu mpaka usione tena thamani yake. Sisi tunakaribia tukisema kuchukulia jambo kwa mazoea. Kwa uso wa pili waombe wataje kitu walichokizoea nyumbani ambacho sasa bwenini wanakikosa. Kila mtu atataja chakula cha mama yake, na nahau itakuwa imeeleweka.

Moja tu nataka uiendee taratibu: "take it with a pinch of salt". Mtu akikuletea habari usizoziamini sana, unaambiwa uzipokee pamoja na chumvi kidogo, yaani usizikubali zote. Wengi huipeleka asili yake kwa Pliny, mwandishi wa Roma wa karne ya 1, aliyeandika kuhusu dawa ya kuzuia sumu ya mfalme Mithridates, ambayo mwisho wake ilihitaji kuongezwa punje ya chumvi. Sasa angalia hatari iliyopo. Kwetu mwenye kutia chumvi ni msemaji, na kutia chumvi ni kuyakuza mambo. Kwa Wachina pia anayeongeza viungo ni msemaji, ila wao wanatumia "tian you jia cu", kuongeza mafuta na siki. Kwa Mwingereza mwenye chumvi ni msikilizaji, na anaitia ili kujikinga. Msemaji wa Kiswahili akisikia chumvi anafikiria mara moja uongo umeongezwa. Mchina akisikia viungo anafikiria hivyo hivyo. Na wote wawili wamekosea mwenye chumvi. Niliwahi kuona mwanafunzi mzuri kabisa akiandika kwamba mwandishi fulani wa magazeti "takes it with a pinch of salt" akimaanisha anakuza mambo. Waulize wenzako: mkono wa nani umeshika chumvi? Wakishajibu hilo hawatakosea tena. Wao wenyewe kwa hali hiyo ya kutosadiki wana "ban xin ban yi", nusu kuamini nusu kushuku, nayo ndiyo tafsiri yake.

Kuhusu namna ya kuendesha masomo, nakushauri usisimame mbele yao. Kaeni mezani na vitu vya kweli: kidonge, kadi ya basi, mwavuli, simu yenye kamera, koti. Kila mtu atende na kusema anachotenda. Akisema "I eat", mwache amalize sentensi ndipo umwambie. Huko mna kona za Kiingereza, zile "yingyu jiao" ambako watu hukusanyika kuzungumza hata na wasiowajua. Wapeleke wakaijaribu "take" kwa wageni, kwa sababu mbele yako wameshazoea kusamehewa.

Yapo ambayo sikuyagusa, kama "take on" na "take up" na "take over", kwa kuwa kwanza nataka nione hayo ya juu yamekaaje. Nitumie sentensi walizokosea, kama walivyoziandika, usizisafishe. Andika pia kando yake kwa Kichina kile walichokusudia kusema, ukiweza kwa herufi zao, maana kosa bila nia yake halinifundishi kitu. Mtihani uko Desemba, kwa hiyo usikae sana kabla ya kujibu.

Bibi anasema uvae soksi. Ndugu zako wote wanakusalimu.

Wako akupendaye,
Shangazi